Ufugaji wa Simbilisi Kusini mwa Maniema
Sehemu ya Tatu: Lini Tuache Kuzalisha?

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza namna ya kujenga kizimba na majani yanayomfaa simbilisi, mnyama ambaye wengi wetu tumezoea kumwita kobayi. Leo tunaingia katika jambo ambalo wafugaji hulikumbuka wakiwa wameshachelewa, nalo ni wakati wa kuacha kuzalisha.

Simbilisi ameenea mashariki ya Kongo kwa sababu ya mahitaji ya watu. Vita vilipochukua mbuzi na ng'ombe, familia nyingi zilianza upya na mnyama anayekula majani, anayelala jikoni na anayebebeka kikapuni siku ya kukimbia. Mara nyingi huwa mali ya mama na watoto, na uzazi wake ndio hutegemewa kulipa karo au kununua chumvi na sabuni. Kwa hiyo kumwambia mama wa Kasongo au wa Kabambare asizalishe ni neno zito, na halifai kusemwa bila kutoa sababu.

Jike la simbilisi hubeba mimba kwa siku 59 hadi 72, na kwa kawaida ni karibu siku 68. Huzaa watoto wawili hadi wanne, wenye manyoya, meno na macho yaliyokwisha kufunguka. Linalowashangaza wengi ni kwamba jike hurudi kwenye joto saa chache tu baada ya kuzaa. Dume akiwemo kizimbani, humpanda siku hiyo hiyo, naye huanza mimba mpya huku ananyonyesha. Gawanya siku 365 kwa 68 utaona kwamba jike huyo anaweza kuzaa mara tano kwa mwaka bila kupumzika hata siku moja. Kwa sababu hiyo hatuwezi kungoja uzazi upungue wenyewe. Kuacha kuzalisha maana yake ni kumtoa dume, na kumtoa kabla jike hajazaa.

Tuanze na jike mmoja mmoja. Mifupa ya nyonga yake imeungana kwa mbele, na wakati wa kuzaa maungio hayo hulegea ili watoto wapite. Jike aliyefika miezi sita au saba bila kuzaa hata mara moja huwa katika hatari kubwa, kwa maana maungio yake hukaza. Watoto wake huzaliwa wakubwa, njia hukataa, na mama na watoto huweza kufa pamoja. Jike wa namna hiyo asipandwe kamwe maisha yake yote. Wala asipandwe akiwa mdogo mno. Ingawa huweza kushika mimba akiwa na wiki nne au tano, mngoje afike miezi mitatu na awe amenenepa vizuri.

Jike anayezaa vizuri naye ana mwisho wake. Akikaribia miaka mitatu, mpumzishe kabisa. Mpumzishe mapema zaidi ukiona amezaa watoto wafu mara mbili mfululizo, amezaa kwa shida, au amekonda baada ya kuzaa na wiki zimepita bila mwili kurudi. Mnyama huyu huficha ugonjwa wake, na mara nyingi dalili ya kwanza huwa ni kukataa kula. Yakupasa umtazame na kumshika kila wiki.

Jambo la pili ni damu. Familia nyingi huanza na jike mmoja na dume mmoja, wa kununua sokoni au wa kupewa na jirani. Watoto wakikua pamoja, dume hupanda dada yake, kwa kuwa dume mdogo huweza kuzalisha akiwa na wiki tatu au nne tu. Nchini Marekani wizara ya kilimo ilianza mwaka 1906 kuwapandisha simbilisi ndugu kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi, na mtaalamu Sewall Wright akayachambua matokeo. Katika vizazi hivyo uzito ulishuka, watoto wakapungua kwa kila uzao, vifo vikaongezeka, na nguvu ya kupambana na kifua kikuu ikadhoofika.

Mwaka 1922 Wright alitoa njia ya kupima ukaribu huo wa damu. Kwa kipimo chake, watoto wa ndugu wawili wa baba na mama mmoja wana asilimia 25. Wakipandana ndugu tena inakuwa 37.5, na mara ya tatu 50. Kizazi kimoja cha simbilisi huchukua miezi mitano hivi. Basi kizimba kilichoanza na jozi moja Kasongo mjini kinaweza kufika asilimia 50 katika mwaka mmoja na nusu, na mwenyewe akadhani wanyama wamerogwa.

Lakini majaribio hayo hayo yalionyesha kwamba damu ngeni hurudisha nguvu haraka. Ukiona watoto wanazidi kuwa wadogo na kufa bila ugonjwa unaoeleweka, acha kuzalisha ukoo huo kwa ukoo huo, kisha ubadilishane dume na mfugaji wa mbali. Dume wa kijiji kilicho kando ya mto Luama akija Kasongo, na wa Kasongo akienda Kabambare, pande zote zitafaidika. Dume mgeni akae peke yake wiki mbili kwanza, asije akaleta ugonjwa.

La tatu ni chakula. Mwili wa simbilisi, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Ni lazima aipate kila siku katika majani mabichi, na jike mwenye mimba huhitaji zaidi. Akiikosa kwa wiki chache viungo huvimba, fizi hutoka damu, na mimba huweza kuharibika. Kwetu kiangazi cha Juni hadi Agosti hukausha majani, na matembele huwa ya kugombaniwa na watu wenyewe.

Sasa tuhesabu kwa kurudi nyuma. Mimba iliyoingia tarehe 25 Machi huzaliwa karibu na tarehe 1 Juni, na ya tarehe 24 Juni huzaliwa mwisho wa Agosti. Asiye na bustani ya kumwagilia wala kinyesi cha kutosha kurutubisha majani kando ya maji, awatenge madume kati ya tarehe hizo mbili. Maana yake uamuzi hufanywa Machi, wakati mvua inanyesha na majani yamejaa kila mahali, wakati ambapo hakuna anayefikiria kupunguza. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa huamua Julai, mimba zikiwa zimeshaingia. Majike wachanga waliokwisha kufika miezi mitatu ndio wapewe dume kabla ya Machi, wasije wakapitwa na wakati wao.

Kuacha si kupata hasara. Jike mzee aliyepumzishwa hula majani yale yale, bado hutoa samadi ya mbogamboga, na anaweza kuuzwa au kuliwa akiwa mzima, badala ya kuzikwa na watoto tumboni. Katika vijiji vya Kabambare ambako watu wamelazimika kukimbia zaidi ya mara moja, wanyama wachache wenye nguvu hubebeka, lakini kundi kubwa la wajawazito dhaifu huachwa njiani.

Basi wiki hii fanya mambo matatu. Watenge madume wadogo wote waliofika wiki tatu. Mwekee kila jike alama, na uandike katika daftari la mtoto wa shule tarehe ya kuzaliwa kwake, dume aliyempanda na idadi ya watoto wake. Kisha taja kwa jina jike ambaye hatazaa tena, na wote nyumbani wajue, ili asije mtoto akamrudishia dume kwa kumhurumia.

Katika sehemu ya nne tutaeleza namna wafugaji wa vijiji jirani wanavyoweza kuunda kikundi cha kubadilishana madume bila kugombana juu ya bei.