Mtoto Akiandika "Mutu"

Mama anamsomea mwanawe wa darasa la kwanza imla ya maneno manne: mtu, njia, ng'ombe, kwa sababu. Mtoto anaandika mutu, njiya, ngombe, kwasababu. Hapo wazazi wengi huchukua raba, hufuta yote manne, kisha humwamuru ayanakili maneno sahihi mara kumi kumi. Ninawasihi waiweke raba kando kwanza. Makosa hayo manne yana vyanzo vinne tofauti, na kunakili hakugusi hata kimoja.

Tuanze na mutu. Mtoto huyu masikio yake ni mazima. Shuleni amezoeshwa ba, be, bi, bo, bu, kwa hiyo anajua kwamba silabi huwa na irabu yake. Amesikia mapigo mawili katika neno, akatafuta irabu mbili. Hajaelezwa bado kwamba "m" ya mtu ni silabi inayojitegemea, isiyo na irabu. Tena huenda bibi yake anazungumza Kihaya au Kiganda, ambako mtu ni "omuntu", na hiyo "u" ameisikia kweli. Tahajia tunayoifuata leo ilisanifishwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, kwa msingi wa Kiunguja, na katika Kiunguja "u" hiyo imemezwa.

Dawa yake iko mdomoni. Afumbe midomo, atoe "mmm", kisha aseme "tu", na kila silabi aipigie kofi moja. Aendelee na mto, mti, mke, mpira, mlango. Akishazoea, mpe neno mbuni. Yule ndege mkubwa ana makofi mawili: mbu-ni. Mmea wa kahawa una makofi matatu: m-bu-ni. Herufi ni zile zile, mapigo ni tofauti, na watoto hulifurahia sana jambo hili kwa sababu wamelivumbua kwa mikono yao wenyewe.

Njiya ni kosa la mtoto mwenye sikio kali kupita kiasi. Ulimi ukitoka kwenye "i" kwenda kwenye "a" hupita karibu kabisa na "y", kama unavyopita karibu na "w" katika chukua na nunua. Sauti ipo, ila tahajia imeamua kutoiandika. Hapa makofi hayasaidii kitu, kwani maneno kama hiyo na kuwa yanazibakiza herufi hizo. Hili ni somo la macho. Yapange maneno ya jamii moja kwenye karatasi, njia, kiatu, sikia, kimbia, kisha ua, jua, chukua, nunua, na uyaache ukutani ayaone kila siku.

Ngombe hurekebishwa kwa kulinganisha ng'ombe na ngoma. Mwambie aivute sauti ya kwanza ya ng'ombe: inapita puani na kuingia kwenye "o" bila kukatika. Katika ngoma kuna "g" inayopasuka kooni. Kile kialama cha juu kinamwambia msomaji asiipasue, na mtoto akikielewa hivyo hakisahau.

Ama kwasababu, kosa lake ni la nafasi, na ndilo linalodumu hadi ukubwani. Mdomo hauachi nafasi kati ya maneno. Wapo wanaounganisha, wapo wanaotenganisha na kuandika "ana kula" au "wa toto". Kinachosaidia ni kucheza na muundo wa maneno yenyewe. Chukua soma, mwambie mtoto akutajie ndugu zake: somo, masomo, msomaji, anasoma, nisomee. Kisha pika: mpishi, anapika, nipikie. Ataona kwamba vipande vya mbele na vya nyuma hushikamana na shina. Msikilize vizuri. Atasema "nipikie" na "nisomee", hatasema "nisomie". Kanuni hiyo ya irabu anayo tayari, hakuna aliyemfundisha. Akiikosea kwenye daftari, mwombe aliseme neno kwa sauti, naye atajisahihisha mwenyewe.

Kuna makosa yanayotokana na lafudhi ya nyumbani: l na r, dh na z, th na s. Asiyetenganisha kula na kura, au kalamu na karamu, kwa mdomo, hawezi kuyatenganisha kwa penseli. Chora picha mbili, taja moja, aioneshe. Mkianza kumcheka, ataacha kuandika maneno yote yenye herufi hizo.

Jambo moja linanisumbua sana. Wazazi wengi humfundisha mtoto kutaja herufi za "baba" kwa majina ya Kiingereza, "bii, ei, bii, ei", wakidhani wanampa msingi. Kukariri herufi moja moja ni mzigo wa Kiingereza, ambacho maandishi yake yameachana mbali na matamshi. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa lugha kadhaa za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa kusoma. Wa Kifini na Kiitaliano walisoma karibu kila neno la kawaida walilopewa. Wa Kiingereza, kutoka Uskoti, waliachwa nyuma sana. Kiswahili kiko upande wa Kifini. Mpe mtoto silabi: "ba", "ba".

Vifaa havina gharama. Andika silabi kwenye vizibo vya soda, kila kizibo silabi moja, mtoto aunde ka-la-mu, ta-ma-a. Asome jina la kanga ya mama, mfuko wa unga, ubavu wa daladala. Dakika kumi na maneno matano kwa jioni zinatosha. Zaidi ya hapo anachoka na kuchukia.

Na mtoto akimaliza darasa la pili huku bado anaruka silabi nzima nzima, au anachanganya sauti zilizo wazi kwa wenzake, mpelekeni akapimwe masikio na macho kabla hamjamwita mvivu.