Makochi ya Watu Saba, Sebule ya Futi Kumi

Anayekwenda Keko, wilayani Temeke, kuagiza makochi huulizwa swali moja kabla ya yote: ya watu wangapi? Jibu lililozoeleka ni saba, yaani kochi la watu watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Bei hutajwa kwa seti, kitambaa huchaguliwa, kianzio hutolewa, na kazi ikikamilika mzigo hupakiwa kwenye kirikuu. Hali haina tofauti kubwa kandokando ya Ngong Road, Nairobi, ambako seti hupangwa barabarani zikisubiri mnunuzi. Katika mazungumzo hayo yote ni nadra kusikia mtu akiuliza sebule ina ukubwa gani, milango iko upande upi, au dirisha limekaa wapi. Swali hilo lisiloulizwa ndilo linalozalisha sebule zilizobanana mijini kwetu. Ndilo pia linalowanyima mafundi wetu silaha pekee ambayo makochi ya kutoka nje hayana.

Chukua sebule ya futi 10 kwa 12, ukubwa usio wa ajabu kwa nyumba ya kupanga ya chumba na sebule. Sakafu yake ni futi za mraba 120. Kochi la watu watatu la mtindo unaopendwa sasa, lenye mikono minene, huweza kufika urefu wa futi 7 na kina cha futi 3. La wawili lina futi 5 na nusu, na la mmoja futi 3 na nusu, kwa kina hichohicho. Jumlisha seti nzima: karibu futi za mraba 59, nusu ya chumba, na bado meza haijaingia. Weka meza ya kati ya futi 4 kwa 2 na stendi ya televisheni ya futi 5 kwa moja na nusu, samani zitakuwa zimekula zaidi ya asilimia 60 ya sakafu. Mtu mzima anahitaji kama futi 2 na nusu ili apite bila kujipinda, na futi moja na nusu kati ya kochi na meza ili magoti yasigonge. Sebule yenyewe ni njia panda ya nyumba: kuna mlango wa nje, wa chumbani, wa jikoni, pengine na wa choo, na kila mmoja unadai pa kufungukia. Matokeo yake kila mtu anayajua. Kochi moja limeziba nusu ya mlango, jingine limebanwa chini ya dirisha na mgongo wake mrefu unazuia upepo, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa upepo uliozuiwa hulipiwa kwa umeme wa feni.

Mikono ya makochi inastahili kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo nafasi nyingi inapopotea bila mtu kugundua. Seti ya watu saba ina mikono minane. Kila mmoja ukiwa na unene wa inchi 10, jumla ni inchi 80, yaani futi 6 na inchi 8: karibu urefu wa kochi la watu watatu, na hakuna anayeukalia. Punguza kila mkono hadi inchi 4 na umeokoa futi 4 nzima, bila kugusa hata inchi moja ya mahali pa kukaa. Ndani ya mkono huo mnene mara nyingi hamna kitu cha thamani: fremu ya mbao nyepesi, ubao mwembamba, sponji ya juujuu, kisha kitambaa. Unene unapendwa kwa sababu hulipa kochi sura ya uzito na fahari pale linapouzwa, kwenye uwanja wa wazi usio na kuta za kulipima. Kuna na kona. Makochi mawili yakikutana kwa pembe mraba, nyuma yake hubaki futi 3 kwa 3 zisizofikika. Kochi la kona huziba pengo hilo, ila lazima lijulikane mapema upande mrefu uwe kulia au kushoto. Likitengenezwa kinyume, linaangukia mlangoni, na hapo hakuna la kufanya ila kulibomoa au kulivumilia.

Pwani yetu iliwahi kulijibu tatizo hili vizuri. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, mara nyingi visivyozidi mita 3 kwa upana. Watu hawakupigana na wembamba huo. Vitu viliwekwa kwenye zidaka zilizochongwa ndani ya ukuta, watu wakakaa kando ya kuta, katikati pakabaki wazi. Majlisi zinazoagizwa leo Mombasa na Zanzibar, kama ilivyo Oman, zinafuata akili hiyohiyo: fundi hupima ukuta, kisha hukata sponji na kitambaa kulingana nao. Wala si majlisi peke yake. Fundi pazia hupima dirisha, fundi aluminiamu huja eneo la kazi na futikamba yake kabla ya kutaja bei, na anayetengeneza makabati ya jikoni hawezi kuanza bila vipimo. Ni makochi tu, yanayokula sakafu kuliko hivyo vyote, ambayo yameendelea kuuzwa kwa idadi ya makalio.

Kibiashara, hilo ni kosa la gharama. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki imeongeza daraja la nne katika ushuru wake wa pamoja, asilimia 35, na samani ni miongoni mwa bidhaa zilizowekwa humo. Kochi kutoka ng'ambo tayari lilikuwa na mzigo mwingine: ni kubwa kwa umbo na jepesi kwa uzito, hivyo mwagizaji hulipa nauli ya kontena kusafirisha hewa. Ulinzi huu una manufaa, lakini unahusu bei tu, na ushuru hupandishwa na kushushwa na wanasiasa. Kuna jambo ambalo kiwanda kilicho mbali hakiwezi kulifanya hata ushuru ukifutwa: kupunguza inchi 7 kwenye kochi moja kwa sababu mlango wa chumbani wa mteja wa Mbagala unafungukia upande huo. Fundi wa Keko anaweza, kwa msumeno alio nao tayari. Anapoamua kunakili seti aliyoiona kwenye picha na kuiuza kwa ukubwa uleule kwa kila mtu, anashindana na kiwanda kwa masharti ya kiwanda.

Mapingamizi yapo, na mengine ni mazito. La kwanza ni heshima ya wageni: mwenye nyumba anataka watu saba wakae, na sebule yenye viti vichache huonekana ya mnyonge. Hofu hiyo naielewa. Ila siku za wageni wengi hasa, msiba au shughuli, watu hukaa kwenye mikeka na viti vya plastiki vya kukodi chini ya turubai, na siku za kawaida makochi mawili ya pembeni hugeuka mahali pa kuwekea nguo zilizoanuliwa. Tena kochi la kona lenye mikono myembamba na stuli mbili za kusukuma chini ya meza zinaweza kukalisha watu saba walewale ndani ya sakafu ndogo. Pingamizi la pili ni la fundi. Mtaji wake ni kianzio cha mteja, na siku aliyokwenda kupima nyumba Kibaha ni siku ambayo hakupiga msumari. Hapa jibu ni kwamba si lazima aende. Mteja mwenye futikamba na chaki anaweza kuchora makochi sakafuni kwake, akafungua milango yote kuona kama inapita, akapiga picha na kutuma vipimo kwa simu, pamoja na upana wa mlango wa nje na ngazi. Kipimo hicho cha mwisho kingeokoa makochi mengi ambayo hupandishwa ghorofani kwa kamba kupitia roshani.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote: mpangaji huhama. Kochi lililokatwa kwa ajili ya sebule ya Tabata huenda likagoma Kimara mwaka unaofuata, na seti ya kawaida angalau humpa uhuru wa kupanga upya. Hoja hii ina uzito, na inaua wazo la kutengeneza kochi moja refu la kufuata ukuta. Haiui wazo la vipimo. Inaelekeza kwenye vipande: viti visivyo na mikono, kila kimoja upana wa futi 2 au 2 na nusu, vinavyoshikana kwa bolti, na mikono inayofungwa pembeni na kufunguliwa. Vipande vinne leo ni kochi la kona, kesho ni makochi mawili yanayotazamana. Hupita mlango wowote, na kimoja kikichakaa hurudi peke yake kwa fundi kubadilishwa sponji. Kwa karakana pia ni nafuu, maana fremu za ukubwa mmoja zinaweza kutengenezwa kwa wingi siku ambazo hakuna oda, kisha zikavishwa kitambaa mteja anapokuja.

Kinachohitajika zaidi ni kubadili namna ya kutaja bei. Bei ikiwa ya seti, wanunuzi hulinganisha mng'ao wa kitambaa, na fundi anayebana sponji na mbao ndiye anayeonekana wa bei nafuu. Bei ikitajwa kwa kipande au kwa futi, swali linalofuata ni sponji ina uzito gani kwa mita ya mujazo, na fremu ni ya mninga, mtiki au msonobari. Pale inapobidi fundi aende mwenyewe kupima, atoze ada ndogo, aikate kwenye bei ya mwisho oda ikipatikana. Aliyekwenda bure na kukosa kazi hatarudia, lakini aliyelipiwa nauli na muda wake atakwenda hata Kibaha.