Kuzinasa Ngoma Nyumbani kwa Mshahara wa Askari

Ni nadra Jumamosi kupita katika kambi za jeshi na laini za polisi nchini Uganda pasipo ngoma kusikika. Huyu ametoka Buganda na anaijua embuutu. Yule ni wa Acholi, na bwola ameicheza tangu alipoweza kushika ngoma mkononi. Kisha huja barua ya uhamisho, au mzee hufikia umri wa kustaafu, na midundo yote aliyokuwa nayo huondoka pamoja naye. Makala hii twamwandikia ndugu askari anayetaka kuinasa kabla siku hiyo haijafika, na ambaye hana fedha nyingi.

Katika safari zake za mwaka 1950 na 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, aliwanasa wapigaji wa Kabaka akitumia maikrofoni moja tu, aliyozoea kuishika mkononi na kuisogeza penye sauti aliyoitaka. Mwezi Mei mwaka 1966 jeshi liliishambulia Lubiri. Vyombo vingi vya muziki viliteketea na wapigaji wakatawanyika. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo mbele ya wasomaji wenye sare. Ufalme uliporudishwa mwaka 1993, waliotaka kusikia namna wapigaji wa zamani wa Mengo walivyocheza waliweza kuwasikia katika kazi ya Tracey, iliyohifadhiwa huko Afrika Kusini. Maikrofoni moja ilitosha.

Wengi watauliza kama simu ya mkononi haitoshi. Kwa kumbukumbu ya haraka yafaa, lakini imeundwa kwa ajili ya maneno. Ngoma inapopigwa kwa nguvu, simu huishusha sauti yenyewe. Inapopoa, huipandisha tena, hata pigo kubwa na pigo dogo yakawa sawasawa. Mpigaji aliyetaabika kuzitofautisha nguvu za mkono wake hujisikiliza asijitambue.

Mwenye kama dola 100 za Marekani tungemshauri anunue kinasa sauti kidogo cha mkononi, chenye maikrofoni mbili juu yake na kutumia betri za kawaida. Zoom ni miongoni mwa watengenezaji wanaojulikana. Baadhi ya vinasa vya sasa hunasa kwa biti 32, na wauzaji husema kwamba havikwaruzi hata sauti iwe kubwa namna gani. Maneno hayo ni nusu ya ukweli, kwa kuwa maikrofoni yenyewe ina kikomo chake, na embuutu iliyo karibu mno huweza kukipita.

Aliye na kompyuta anaweza kufuata njia nyingine: maikrofoni ya kawaida isiyohitaji umeme, pamoja na kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta. Shure SM57, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965, huvumilia makelele na hata kuangushwa. Bei yake huko Marekani ni dola 100 hivi. Ukiuziwa kwa robo ya bei hiyo, huenda ni ya bandia, maana za bandia ni nyingi mno. Maikrofoni nyepesi zaidi za kunasia, zinazohitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku, huisikia ngozi vizuri sana, lakini husikia pia jenereta ya kambi. Programu ya Audacity hailipiwi.

Hata hivyo, fedha zinapotea zaidi katika chumba kuliko katika duka. Chumba cha kota chenye sakafu ya saruji na mabati juu hurudisha kila pigo mara kadhaa, na hakuna kifaa kiwezacho kuliondoa hilo baadaye. Tandika blanketi sakafuni, simamisha godoro ukutani nyuma ya mpigaji, fungua kabati la nguo. Au toka nje kabisa, chini ya mwembe, mbali na ukuta, ukiivika maikrofoni sifongo ili upepo usivume ndani yake. Saa nayo ichaguliwe kwa adabu: jirani aliyetoka lindoni alfajiri ana haki ya kulala.

Anza kwa kuiweka maikrofoni mita moja na nusu hivi kutoka kwenye ngoma, juu kidogo ya ngozi. Ikisogezwa karibu zaidi husikia kidole na ngozi tu, na uvumi wa mti hupotea. Wapigaji wakiwa kadhaa, engalabi na nankasa zikisikika kuliko embuutu, wasogeze wapigaji, si vifungo vya mashine. Kwa bwola, ambamo wachezaji huzunguka kila mmoja na ngoma yake, tungeiweka katikati ya duara.

Mwanabendi mwenye dramu za kizungu akiwa na maikrofoni mbili, na apime kwa kamba ili zote ziwe umbali sawa na ngoma ndogo yenye nyaya. Ndivyo alivyofanya fundi Glyn Johns wa Uingereza, aliyeinasa santuri ya kwanza ya Led Zeppelin mwaka 1968. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Moja ikiwa mbali zaidi kwa mita moja, pigo huifikia likiwa limechelewa, na yakichanganywa hayo mawili, uzito wa ngoma hupungua.

Kabla ya kunasa, mwambie mpigaji apige kwa nguvu zake zote, nawe ushushe kipimo hadi pigo hilo likomee desibeli 12 chini ya ukomo. Hifadhi kwa WAV; dakika moja yahitaji megabaiti 10 hivi. Na mwanzoni mwa kila wimbo, taja kwa sauti yako tarehe, mahali, majina ya wapigaji na jina la kila ngoma. Nakala ya pili iwekwe nyumbani kijijini, isiwe katika sanduku lile lile linalohama nawe.