Tororo ni Mstari Upi?

Haya, wajukuu zangu, sogeeni karibu. Leo nawasimulia habari za wilaya mbili jirani za mashariki mwa Uganda, Tororo na Busia, na adui yao mmoja: mbu.

Watafiti waliofanya kazi Nagongera, Tororo, kati ya 2011 na 2013 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 310 hivi kwa mwaka. Karibu kila usiku! Desemba 2014, nyumba za Tororo zikaanza kupuliziwa dawa ya mbu ukutani. Malaria ikashuka sana. Busia haikuingizwa katika mpango huo, na watoto wake wakaendelea kuugua.

Sasa tuchore grafu. Miaka ikae chini, wagonjwa wahesabiwe kwenda juu. Tororo tuipe mstari mwekundu, Busia wa kijani. Inapendeza, sivyo? Ngojeni ipite kwenye mashine ya fotokopi isiyo na wino wa rangi.

Kompyuta ikigeuza rangi kuwa kijivu, hupima mwangaza wake: 0 ni nyeusi tii, 255 ni nyeupe pe. Kwa kanuni inayotumika sana, nyekundu kali kabisa hupata 76. Kijani kilichokolea, kile cha 128 kati ya 255, hupata 75. Jicho gani litaona tofauti ya moja? Muuguzi anayeisoma karatasi ile hawezi kujua ni wilaya gani iliyopona. Akibahatisha vibaya, ataamini kwamba dawa haifai kitu. Na hata karatasi ya rangi haimsaidii kila mtu, maana wako watu, wengi wao wanaume, ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani.

Kwa hiyo rangi isiachiwe kazi peke yake. Andika jina la wilaya palepale mstari unapoishia. Tororo uwe mstari mzima wenye viduara, Busia uwe wa vipande vipande wenye pembetatu. Ukitaka rangi, chagua moja nzito na moja nyepesi: bluu ya usiku na rangi ya chungwa hubaki mbalimbali hata zikiwa kijivu. Njano hafifu iache, humezwa na weupe wa karatasi. Na ukiandika Busia, ongeza Uganda, kwa sababu ng'ambo ya mpaka, Kenya, iko Busia nyingine.

Nukta za grafu hiyo zilipatikana kwa watoto kutobolewa vidole ili damu yao ipimwe. Tuwaheshimu kwa kuchora vizuri. Ukimaliza, toa fotokopi moja, mpe mwenzako asiyeijua habari hii, kisha muulize: wilaya ipi ilipuliziwa dawa? Akijibu Tororo bila kukugeukia wewe, grafu yako iko tayari kwenda kwa mchapaji.