Nyani Mwenye Macho ya Mtu

Kisanamu kilicho mbele yangu hakizidi pingili ya juu ya kidole gumba. Ni nyani kachuchumaa, mnyororo shingoni, uso kauinua kama anayemsubiri mtu mlangoni. Nimemfinyanga kwa ile gundi ya kukanda ambayo mafundi bomba huzibia mipasuko, juu ya kiunzi cha waya mwembamba. Jina lake Hasidi. Waliosoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, wanamjua. Yeye na ndugu yake Mwivu walimtosa Adili baharini kwa kijicho, na jini Huria akawageuza manyani. Adili akapewa kazi ya kuwachapa kila usiku, naye akiwachapa huku moyo ukimuuma.

Swali lililonikalisha mezani majuma matatu ni hili: atakayemtazama nyani huyu atajuaje kwamba ni binadamu?

Nitaeleza nilivyolijibu, maana ndani ya jibu hilo mna karibu kila kitu ninachotaka kusema kuhusu upakaji rangi wa visanamu, na kuhusu namna mtu anavyojiwekea lengo katika sanaa yoyote anayoifanya baada ya saa za kazi.

Uraibu huu una watu wengi duniani. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars mwaka 1913, akieleza mchezo wa vita unaochezwa sakafuni kwa askari wadogo wa risasi. Mwaka 1974 ukatoka Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, na mazimwi, majini na wachawi wakachukua nafasi ya askari. Kampuni ya Games Workshop iliyoanzishwa London mwaka 1975 ikaja na Warhammer mwaka 1983, na tangu hapo kupaka rangi viumbe vya hadithi kumekuwa kazi ya kujitegemea, yenye mashindano na mabingwa wake. Kipimo kilichozoeleka ni milimita 28, kutoka wayo hadi usawa wa macho.

Mtu wa Tanga anaweza kudhani haya ni ya wenzetu wa mbali. Siyo. Mwaka 1956 Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya jamii wa serikali ya Tanganyika, alichapisha London kitabu kizima kuhusu sanamu ndogo za udongo zilizotumika katika mafunzo ya jando na unyago. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu watu wa huku kwetu kaskazini mashariki: Wasambaa, Wazigua, Wapare na jirani zao. Udongo wa mfinyanzi, umbo la mtu au mnyama au chombo cha nyumbani, nakshi za rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake na fundisho lake. Fundisho hilo ni la wenyewe na sitaligusa hapa. Ninachotaka msomaji akione ni ufundi. Aliyefinyanga sanamu ile alijua siku itakayotakiwa, alijua ni nani atakayeitazama, na alijua neno moja itakalolisema. Hakuwa na haja ya kujiuliza kama imekamilika. Ikishasomeka kwa mwali, imekamilika.

Sijaona ushauri wa malengo ulio bora kuliko huo, na nimesoma mwingi.

Watu wa uraibu huu wana ugonjwa mmoja mkubwa. Hununua au hufinyanga visanamu kuliko wanavyoweza kuvipaka, na sanduku hujaa maumbo ya kijivu. Mwaka mpya ukiingia wanaapa: safari hii hamsini! Ifikapo masika wamepaka saba, na hao saba wamepakwa kwa haraka mpaka wote wanafanana. Idadi ni lengo la kiwanda. Inamfaa mwenye oda ya kupeleka, si mtu anayetaka mkono wake ujifunze. Lengo la pili linalowapoteza watu ni lile la “nataka niwe mpakaji mzuri.” Halina mwisho, kwa hiyo halina siku ambayo mtu ataweka brashi chini na kusema leo nimefika. Mimi siku hizi kila kisanamu hukipa swali moja, siku moja na mtazamaji mmoja. La Hasidi mmelisikia. Siku yake ilikuwa Ijumaa, na mtazamaji alikuwa mtoto wa jirani, mwenye miaka tisa, ambaye kitabu hakijui.

Sasa kazi yenyewe. Jambo la kwanza la kuelewa ni mwanga, na hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua sababu. Mtu mzima akisimama juani saa sita mchana, jua la Tanga humpiga utosini. Macho yake huingia kivulini, chini ya kidevu huwa giza, mabega hung'aa. Kisanamu ukikiweka kwenye jua lilelile hakionyeshi hayo yote. Mashimo yake yana kina cha milimita moja au pungufu, na mwanga unaoruka kutoka mezani na ukutani unayajaza. Ukikipaka kahawia moja mwili mzima kitaonekana kama kipande cha sabuni. Kwa hiyo mpakaji hapaki rangi ya kitu peke yake. Anapaka na kivuli chake, na mwanga wake, kwa mkono, akivitia chumvi kuliko vilivyo.

Huanza na praima. Ile ya kupuliza ni nzuri wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu kidogo, lakini masika unyevu wa pwani huifanya itoke na ukungu mweupe usiofutika. Miezi hiyo napaka praima kwa brashi. Nikishapiga nyeusi yote huichukua nyeupe na kuipitisha kutoka juu tu, pale jua lingepiga. Hapo kisanamu kinakuwa na ramani: peupe ndipo pa mwanga, peusi ndipo pa kivuli, na rangi zitakazofuata zinaifuata ramani hiyo.

Rangi ninazotumia ni za akriliki, zile za maji. Sharti lake ni kuizimua. Tone la rangi kwa tone la maji, mpaka iwe nyepesi kama maziwa, kisha mikono miwili au mitatu, kila mkono ukiachwa ukauke kabla ya unaofuata. Rangi nzito ya mkono mmoja inaziba mikunjo ya uso ambayo mfinyanzi aliihangaikia siku nzima. Joto letu nalo ni adui, kwa kuwa akriliki hukaukia kwenye brashi kabla haijafika. Nimeona wanaoanza wakikimbilia brashi nyembamba kabisa kwa kudhani kazi ndogo inataka brashi ndogo. Brashi ile haibebi kitu. Tone lake linakauka njiani. Namba 1 yenye ncha kali inabeba rangi ya kutosha na ncha yake inachora mstari uleule. Rangi zenyewe naziweka juu ya karatasi ya kuokea keki, na chini yake sponji iliyolowa kwenye sahani ya plastiki iliyo bapa. Zinakaa bila kukauka toka alasiri hadi isha.

Manyoya ya Hasidi yalikuwa rahisi. Baada ya kahawia iliyokolea, nilichovya brashi kuukuu katika kahawia ya mchanga, nikaifuta kwenye kitambaa mpaka ikabaki kama haina kitu, halafu nikaipitisha juu ya manyoya kwa wepesi. Rangi inashika migongo ya manyoya tu na mabonde yanabaki na giza lake. Dakika mbili, kazi imekwisha. Mnyororo nao niliupaka kijivu, kisha nikaurowanisha kwa wino mwepesi wa rangi ya kutu ulioingia kwenye viungo peke yake.

Macho ndiyo yaliyonichukua majuma matatu.

Mara ya kwanza niliyapaka kama ya nyani yeyote, kahawia mpaka pembeni, na kitone cheupe cha mwanga. Alitoka nyani mzuri, wa kupendeza kabisa, lakini nyani. Nikamwongezea machozi, na hapo akawa nyani anayelia. Nikambadilisha rangi ya ngozi ya uso ikaribie ya mtu, nikaiharibu kazi nzima, nikaiosha na kuanza upya. Ndipo nikakumbuka jambo la maumbile lililo wazi kwa kila mtu na lisilotazamwa. Weupe wa jicho la mwanadamu unaonekana pande zote mbili za mboni. Wa nyani hauonekani, au huonekana kidogo mno. Kwa weupe huo mtu humjua mwenzake anatazama wapi, hata akiwa ng'ambo ya barabara. Nikapaka mistari miwili myeupe kila jicho, isiyozidi unene wa uzi, nikaisogeza mboni juu kidogo ili amtazame mtu aliyesimama mbele yake. Sikugusa kitu kingine.

Ijumaa ikafika. Mtoto akashika kizibo nilichomgandisha Hasidi juu yake, akakisogeza karibu na dirisha, akanyamaza. Kisha akauliza, “Babu, huyu mtu amefanya nini?”

Hasidi alikuwa amekamilika. Mnyororo una doa nililoliruka na mkono wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia, na vyote viwili vimebaki hivyo hadi leo. Swali lake lilikuwa limejibiwa.

Wapo watakaosema vifaa hivyo havipatikani Ngamiani, hapa Tanga. Vingine ni kweli havipatikani, na kwa hili napenda kumtaja Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru, na katika miaka ya 1950 alikuja mkoani kwetu kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge kabla hajahamia Dar es Salaam. Alipoanza kuchora, karibu mwaka 1968, hakusubiri turubai wala rangi za dukani kwa wasanii. Alichukua vipande vya ubao laini wa dari, vya kama sentimita 60 kila upande, na rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na katika miaka ile michache alianzisha mtindo unaojulikana dunia nzima kwa jina lake. Ule ubao mdogo na kopo lile la rangi vilimwambia mapema ni nini kinachowezekana, naye akakifanya hicho kwa ukamilifu. Rangi ya baiskeli siipendekezi kwa visanamu, maana ni nzito, inang'aa mno na inaziba, na harufu ya tina katika chumba kilichofungwa ni hatari. Ninachochukua kwake ni kukubali mpaka. Rangi tano zinatosha: nyeusi, nyeupe, nyekundu, manjano na buluu. Nyingine zote utazichanganya mwenyewe, na uandike daftarini ulichanganya nini, maana kahawia uliyoipata usiku hutaikumbuka asubuhi. Tahadhari moja kwa watakaopata visanamu vya zamani vya chuma laini: vingi vilitiwa risasi. Usivipige msasa ndani ya nyumba, na unawe mikono kabla ya kula.

Na viumbe vya kupaka havijatuishia. Kitabu kilekile kina mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na humo Adili alimkuta Mwelekevu yu hai peke yake. Fikiria kazi hiyo: visanamu kumi vya kijivu na kimoja chenye damu mwilini. Kusadikika, katika kitabu kingine cha Shaaban Robert chenye jina hilo, ni nchi iliyo angani. Atakayeifinyanga itabidi aamue inaelea juu ya nini. Hata bahari yetu ina kiumbe anayeshinda mazimwi ya kubuni. Silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka zamani za kale mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, amekuwa akinaswa kwenye nyavu za wavuvi wa Tanga tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na mwaka 2009 serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Akiwa hai ni wa buluu iliyokolea yenye mabaka meupe. Akifa hugeuka hudhurungi, na wanaomchora wakimtazama maiti humpaka hudhurungi. Nimeshakipa kisanamu chake swali: mtazamaji ajue kwamba huyu bado anaogelea.

Walimu wa Kiswahili wa Tanga, Muheza na Pangani, ninyi mnaowasomesha watoto vitabu vya Shaaban Robert, nawaomba kitu kimoja. Mpeni kila mwanafunzi bonge la udongo lisilozidi ngumi yake, afinyange kiumbe mmoja kutoka kitabuni na kumpaka rangi, na kabla hajashika udongo aandike kwa sentensi moja mtazamaji atambue nini. Kazi waimalizie nyumbani wakati wa likizo, na siku ya kuwaonyesha wazazi iwe tarehe 1 Januari, siku aliyozaliwa Shaaban Robert pale Vibambani, Machui, mwaka 1909.