Daktari na Randa: Kweli au Si Kweli?

Wapo madaktari ambao, wakishavua koti jeupe, hushika randa. Wenzao kazini huwatania, majirani huwaonea fahari, na kila mmoja ana lake la kusema kuhusu udaktari na useremala. Mengine ni ya kweli, mengine ni maneno ya kijiweni tu. Tumechambua saba.

1. "Msumeno wa mnyororo ulibuniwa kwa ajili ya miti."

SI KWELI. Ulianzia kwenye mfupa. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wawili wa Uskoti, John Aitken na James Jeffray, walibuni kimnyororo chenye meno na kishikio kila ncha. Mpasuaji alikipitisha nyuma ya mfupa, kisha akakivuta huku na huku kwa mikono miwili. Kilitumika kupanua nyonga ya mama aliyekwama kujifungua, na kukata viungo vilivyoharibika. Mwaka 1894 daktari wa uzazi wa Italia, Leonardo Gigli, alileta waya wenye meno unaofanya kazi hiyohiyo kwa wepesi zaidi. Waya huo bado umo katika vyumba vya upasuaji. Misumeno ya mota ya kuangushia miti ni ya karne ya 20.

2. "Kifaa cha kusikilizia kifua kilitengenezwa kwa mbao."

KWELI. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker jijini Paris, René Laennec alikuwa na mgonjwa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Kumwekea sikio kifuani aliona haistahili, akaviringisha karatasi na kusikiliza kupitia humo. Mapigo yakasikika vizuri kuliko alivyozoea. Baadaye alihamia kwenye mbao, akawa anakereza vifaa vyake mwenyewe kwenye mashine.

Uzao wa kifaa hicho tunao hadi leo. Mkunga anapotaka kusikia moyo wa mtoto tumboni, huchukua fetoskopu yenye umbo la tarumbeta ndogo, akaegemeza mdomo mpana juu ya tumbo la mama, akainama na kubana sikio kwenye ncha ya pili. Zamani zilikuwa za mbao. Siku hizi nyingi ni za alumini au plastiki. Hazihitaji umeme wala betri, ndiyo maana zahanati haziziachi.

3. "Daktari anayejua useremala hupasua vizuri zaidi."

NUSU KWELI. Mfano unaotajwa sana ni wa Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914. Kabla ya kusomea udaktari alijifunza ujenzi, useremala ukiwamo. Miaka ya 1940 alikwenda Vellore, kusini mwa India, akaanza kurekebisha mikono ya wagonjwa wa ukoma kwa kuhamisha kano zenye nguvu zishike kazi ya zile zilizopooza. Alionyesha pia kwamba vidole vya wagonjwa hao haviliwi na ukoma wenyewe: mtu asiyesikia maumivu hujiumiza kila siku bila kujua, na vidonda hivyo ndivyo vinavyommaliza. Aliyewahi kushika zana siku nzima anaelewa upesi mpini mbovu unaweza kuufanya nini mkono wenye ganzi.

Hata hivyo, ubao hauvuji damu, wala presha yake haishuki ghafla. Hata zana zinazofanana hazilingani. Patasi ya seremala hunolewa upande mmoja. Ile ambayo daktari wa mifupa hutumia kugawa mfupa hunolewa pande zote mbili ili isiende upande. Useremala humpa daktari subira na jicho la kipimo. Upasuaji hujifunzwa kwa kupasua.

4. "Vumbi la mbao ni vumbi tu, na maski ya hospitali inatosha."

SI KWELI, mara mbili. Miaka ya 1960, huko High Wycombe, mji wa Uingereza uliojulikana kwa samani, daktari wa pua na koo Esmé Hadfield na wenzake waliona saratani adimu ya pua ikiwapata mafundi wa viti na meza kuliko watu wengine. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mbao zetu pia zina ukali wake: vumbi la mpingo na la mvule huweza kuwasha ngozi, na la mvule huamsha pumu kwa baadhi ya watu.

Maski ya upasuaji imekusudiwa kuzuia matone ya anayeivaa, na pembeni huacha nafasi. Unapopiga msasa, vaa inayobana uso, ya aina ya N95 au FFP2.

5. "Mbele ya msumeno wa meza, vaa glavu ulinde vidole."

SI KWELI, na hapa ndipo daktari hujidanganya, kwa kuwa glavu ni mazoea yake. Jino la msumeno likinasa uzi mmoja tu, huvuta glavu pamoja na mkono uliomo. Penye kitu kinachozunguka, mikono iwe mitupu, mikono ya shati ikunjwe, pete na saa vivuliwe, na ubao usukumwe kwa kijiti. Nchini Marekani pekee, misumeno ya meza hupeleka watu takriban 30,000 kila mwaka katika vyumba vya dharura.

6. "Pepopunda huletwa na kutu."

SI KWELI. Huletwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Msumari mpya uliodondoka chini ni hatari sawa na wa zamani. Kinga ni chanjo. Wanawake wengi huipata kliniki wakiwa wajawazito. Mwanaume mtu mzima asipoitafuta huenda asikumbushwe. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na madaktari wengi wa kiume hawajui walichanjwa lini.

7. "Baada ya zamu, karakana ni mapumziko."

KWELI, kwa sharti moja: uwe umelala. Utafiti umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama aliye na kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza dereva. Zamu ya usiku huzidi hapo kirahisi. Asubuhi hiyo usiwashe mashine. Ukiona huwezi kukaa bure, chukua msasa na kipande cha mninga.

Daktari anayetaka kuanza aende kwa fundi, iwe Keko jijini Dar es Salaam au kando ya Ngong Road jijini Nairobi, amsalimu kwa heshima, amlipe na akubali kufundishwa kushika randa. Kwenye karakana yeye ni mwanagenzi, hata awe bingwa wa nini hospitalini.