Tabibu wa usemi akibisha shuleni, mwalimu mkuu amuulize karatasi gani?

Mwalimu akifika katika shule ya msingi yoyote ya Runyenjes au Nkubu kutafuta kazi, mwalimu mkuu anajua la kuuliza: nambari ya TSC iko wapi? Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ya 2012 imeufunga mlango huo sawasawa. Asiyesajiliwa hafundishi, na ili asajiliwe ni lazima awasilishe vyeti vya masomo, cheti cha tabia njema na fomu iliyojazwa na daktari. Hata mzazi ambaye hajawahi kuiona sheria yenyewe anajua TSC ni nini.

Sasa aje mtu mwingine kwenye lango lilo hilo. Anajitambulisha kuwa ni tabibu wa usemi. Amesikia shuleni kuna watoto wawili wenye kigugumizi na mmoja mwenye usonji ambaye hajatamka neno hata moja. Angependa kuwahudumia mara mbili kwa wiki, wazazi wachange. Mwalimu mkuu amuulize nini?

Mtaalamu wa tiba ya viungo angeulizwa leseni ya Baraza la Fiziotherapia, kwa sababu Bunge lilipitisha sheria ya wataalamu hao mwaka wa 2014. Washauri nasaha na wanasaikolojia walipata yao mwaka huohuo. Wale wanaomfundisha mtoto mwenye ulemavu kuvaa, kushika penseli na kujilisha walipata sheria yao na baraza lao mwaka wa 2017. Watabibu wa usemi na lugha hawakubahatika miaka hiyo. Wana chama chao cha kitaaluma, nacho kinawajua wanachama wake, na mwalimu mkuu mwenye busara anaweza kuanzia hapo. Ila chama hakina meno ya sheria. Kuna pia mamlaka ya kusimamia taaluma za afya iliyoundwa na Sheria ya Afya ya 2017, na mojawapo ya kazi zake ni kuweka daftari la wataalamu wa afya wote, wa serikali kuu na wa kaunti. Kwa taaluma isiyo na baraza lake, huo ndio mlango wa kubisha. Lakini ni walimu wakuu wangapi huku kwetu wamewahi kuusikia?

Wapo watakaosema kwamba karatasi si kitu, muhimu ni moyo wa kusaidia. Siwezi kukubaliana nao, na nitaanza na jambo ambalo wengi hawalihusishi kabisa na usemi: kumeza. Midomo, ulimi, kaakaa na koo tunavyotumia kusema ndivyo tunavyotumia kula, kwa hiyo tabibu wa usemi ndiye pia anayeitwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anapopaliwa kila akilishwa uji. Mtu asiyejua kazi akiamua kwa kubahatisha mtoto huyo alale vipi, kijiko kiingie kwa pembe gani, uji uwe mzito kiasi gani, chakula kinaweza kuteremka mapafuni. Hapo hatuzungumzii tena matamshi. Tunazungumzia uhai.

Jambo la pili linatuhusu sisi wa Mlima Kenya hasa. Herufi r na l hubadilishana nafasi katika vinywa vyetu tangu utotoni. Mtoto wa Igoji anaomba karamu anapotaka kalamu, na lori kwake ni rori. Huyo hana ugonjwa wowote. Lugha ya mama yake imemlea hivyo, na ulimi wake uko timamu. Lakini mtoto wa miaka sita ambaye kila panapotakiwa k anatoa t, akisema Kiswahili na akisema Kimeru vilevile, huyo anahitaji msaada. Kanuni ya wataalamu ni nyepesi kuieleza ingawa ni ngumu kuitenda: tatizo la kweli hujitokeza katika lugha zote za mtoto, na linalojitokeza katika lugha ya pili peke yake ni lafudhi. Ina maana tabibu anayekuja Meru au Embu na vipimo vya Kiingereza tu anaweza kulitia darasa zima katika orodha ya wagonjwa, kisha akampita mgonjwa halisi kwa sababu ni mkimya na hasumbui mtu. Ingekuwa juu yangu, leseni ya kufanya kazi katika shule zetu ingedai mtaalamu aoneshe jinsi atakavyomsikiliza mtoto katika Kimeru, Kiembu au Kimbeere, yeye mwenyewe au kwa msaada wa mtu aliyefunzwa.

Na kabla ya yote hayo, masikio yapimwe. Nimesikia wazazi wakishauriana kumkata mtoto uzi wa chini ya ulimi kwa kuwa amechelewa kusema, ilhali hakuna aliyewahi kuuliza kama mtoto anasikia.

Nilipokuwa darasa la tano nilikaa dawati moja na kijana mwenye kigugumizi. Ilikuwa kabla ya viboko kupigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001. Mwalimu wetu alimsimamisha asome kwa sauti, na kila mara neno lilipokwama alihesabu ukimya ule kuwa ujeuri. Kwenye kwaya kijana yuleyule aliimba beti nzima bila kukwama, kama ilivyo kwa wengi wenye kigugumizi, na mwalimu akauchukua uimbaji huo kuwa ushahidi kwamba darasani anajifanya. Kufikia muhula wa tatu aliacha kuinua mkono hata alipolijua jibu. Mwalimu yule alikuwa amesajiliwa, vyeti vyake vyote vilikuwa sawa. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza.

Nchi nyingine zimelishughulikia jambo hili kila moja kwa njia yake. Uingereza jina lenyewe la tabibu wa usemi na lugha linalindwa na sheria, asiyesajiliwa akijiita hivyo ametenda kosa. Marekani, baada ya shahada ya uzamili na mtihani wa kitaifa, anayetaka cheti cha chama chao hufanya kazi chini ya msimamizi kwa saa zisizopungua 1,260, na majimbo mengi yanamtaka awe na kibali kingine cha idara ya elimu ndipo aingie shuleni. Hapa jirani, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka wa 2008, na Uganda ina baraza la wataalamu wa afya shirikishi kwa sheria ya 1996.

Masharti ya Marekani tukiyabeba mazimamazima na kuyatua Maua au Siakago, hatutabaki na mtaalamu hata mmoja. Tulicho nacho ni walimu wa tathmini, wale wa vituo vilivyoanzishwa kuanzia 1984 kwa msaada wa Denmark, na walimu wa elimu maalumu waliosomea Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE) kule Kasarani. Hao wanawajua watoto na barabara za kuwafikia. Sheria ingeweza kulilinda jina la tabibu, ikampa kazi ya kusimamia na kufundisha, kisha ikataja waziwazi ni yapi mwalimu aliyefunzwa anaweza kuyafanya chini yake, kama mazoezi ya matamshi na picha za mawasiliano, na yapi asiyaguse, kama kumlisha mtoto anayepaliwa.

Kikwazo kikubwa kinatokana na jinsi tulivyogawana kazi katika Katiba ya 2010. Afya ya hospitali, ukitoa zile za rufaa za kitaifa, ni ya kaunti. Chekechea ni ya kaunti. Shule ya msingi ni ya serikali kuu, na walimu wake ni wa TSC, ambayo haina nafasi ya kumwajiri shuleni mtu asiye mwalimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 44, inamtaka waziri ahakikishe shule zenye wanafunzi wa mahitaji maalumu zina walimu waliofunzwa na wafanyakazi wengine wanaofaa. Hao wengine hawatajwi ni akina nani wala watalipwa na nani, kwa hiyo shule kama Kaaga ya viziwi, Meru, au St. Luke's, Embu, ikimtaka tabibu, mzigo unairudia bodi yake na mifuko ya wazazi.

Ndiyo maana nadhani magavana wa Meru na Embu wangeweza kuanza bila kusubiri Bunge. Hospitali za rufaa za kaunti ni zao, chekechea ni zao. Wakimwajiri tabibu wa usemi aliyethibitishwa, wanaweza kumpa ratiba ya kuzunguka chekechea siku tatu kwa wiki, naye akawakuta watoto wakiwa na miaka minne na mitano, umri ambao kazi yake huzaa matunda mengi. Hakuna barua ya kutoka Nairobi inayohitajika kwa hilo.

Kisha Januari ifike. Mtoto aliyeanza kuunganisha maneno mawili atavuka uwanja uleule, mara nyingi ndani ya ua mmoja, kutoka PP2, darasa la mwisho la chekechea, hadi Gredi ya 1. Hatua hamsini tu, lakini ametoka mikononi mwa gavana na kuingia mikononi mwa waziri, na tabibu aliyekuwa akimfundisha amebaki upande wa pili wa uwanja, bila karatasi ya kumruhusu kumfuata.